PEMBE ZA SINEMA MNAZIPENDA, BODABODA HAMUMLIPI!

Wadau, leo sipambi mtu. Kuna kijana mmoja wa chuo hapa Dar, jina namwachia mwenyewe, picha zake akiwa kwenye pikipiki yenye pembe za ng'ombe zimezunguka wiki nzima. Mnamsifia, eti jamaa mbunifu. Sawa. Ila mi nataka niwaambie kisichoonekana kwenye picha.

Pikipiki ile anaiendesha kaka yangu. Ni bodaboda. Alikodiwa saa nne asubuhi, akaambiwa nusu saa tu. Wakakaa ufukweni mpaka saa tisa, jua linawaka, pembe zimefungwa kwa waya hadi taa ya mbele ikapasuka. Mwisho akapewa 2,000 na ahadi: "Bro, nitakutagi." Kaka yangu anatumia kitochi! Utamtagi wapi? Na jioni tajiri anataka hesabu yake 10,000, hajui habari za sinema.

Tena picha zenyewe hakuzibuni yeye. Zimetoka kwenye Touki Bouki, sinema ya Msenegali Djibril Diop Mambéty ya mwaka 1973. Beyoncé na Jay-Z nao waliliiga pozi hilo 2018 kutangaza ziara yao, ndo wengi mkalijua. Dogo kaandika kwamba yeye ni hipsta, na sinema hiyo imemfundisha kuishi huru.

Mi shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini sinema nimeiangalia mpaka mwisho, mara mbili. Kuna machinjio mle, ng'ombe wanachinjwa kweli mbele ya kamera. Ndo ujue zile pembe siyo pambo. Mory, mwenye pikipiki, ni mchunga ng'ombe aliyekuja Dakar na hana kitu. Mpenzi wake Anta ni mwanachuo, kama wewe dogo. Wanaiba ili wapate hela ya kupanda meli waende Paris. Siku ya safari Anta anapanda, Mory anashindwa, anakimbia kurudi mjini. Pikipiki anaikuta imeharibika, pembe zimevunjika. Huo ni msiba jamani, siyo pozi!

Na hili neno hipsta mnalijua lilikotoka? Marekani, miaka ya 1940. Vijana wa kizungu waliupenda muziki wa jazz, wakaiga mavazi na misemo ya wanamuziki weusi. Kumbe kwenye kumbi nyingi wanamuziki hao hao walikuwa wanapitishwa mlango wa nyuma. Staili ikaingia mbele, mwenye staili akabaki nyuma. Sasa niambieni, ufukweni siku ile kimebadilika nini?

Najua watakuja wa kusema nina wivu. Hapana. Kuiga siyo dhambi, na mtumba wa Karume avae tu, wote tunavaa. Ila sisi tukivaa shati la buku tatu tunaambiwa tumechoka, yeye akilivaa anaitwa mbunifu. Kama umependa maisha ya mtu wa chini, anza na kumlipa huyo mtu wa chini. Huwezi kuvaa umaskini wa mwenzio asubuhi halafu jioni ukamwachia peke yake.

Dogo, najua unasoma hapa. Touki Bouki kwa Kiwolofu maana yake safari ya fisi. Ziangalie tena picha zako, halafu ujiulize fisi ni nani. Taa ni 15,000, na siku nzima ya kazi unajua mwenyewe ni kiasi gani. Kijiwe unakijua, kaka yupo pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Wadau, kama nimekosea semeni wapi. Maoni nayasoma yote, hata matusi.