Maonyesho ya binadamu: Kisingizio cha ‘hatukujua’ hakina mashiko

MNAMO Septemba 1906, wakazi wa jiji la New York, Marekani, walimiminika katika bustani ya wanyama ya Bronx kujionea kioja kilichokuwa kimetangazwa magazetini. Ndani ya kizimba, pamoja na sokwe wa aina ya orangutangi, alikuwamo mtu. Jina lake lilikuwa Ota Benga, kijana wa jamii ya Wambuti kutoka Kongo.

Kibao kilichotundikwa hapo kilieleza kwamba alikuwa na umri wa miaka 23, kimo cha futi nne na inchi 11 na uzani wa ratili 103, na kwamba aliletwa kutoka mto Kasai na Dkt Samuel P. Verner. Kilimalizia kwa kuwaarifu wageni kuwa angeonyeshwa kila alasiri mwezi huo wa Septemba. Ndivyo walivyoelezwa wanyama wengine wa bustani hiyo.

Ilichukua hadi Julai 2020 kwa shirika linalosimamia bustani hiyo, Wildlife Conservation Society, kuomba radhi hadharani. Radhi hiyo ilitolewa miaka 114 baada ya tendo lenyewe, na miaka 104 baada ya Ota Benga kuaga dunia.

Kila mara madhila ya aina hii yanapotajwa, watetezi wa taasisi zilizohusika hukimbilia hoja moja. Wao husema kwamba zama zile hazikuwa kama zetu, na kwamba watu wa wakati huo hawakujua kuwa walikuwa wakitenda uovu. Hoja hiyo ni tamu masikioni, ila historia yenyewe inaikanusha.

Mfano wa kwanza ni wa Sarah Baartman, mwanamke wa jamii ya Wakhoikhoi aliyesafirishwa kutoka Afrika Kusini hadi London mwaka 1810. Huko alisimamishwa jukwaani, na watu wakalipa kiingilio ili kulitazama umbo lake. Mwaka huo huo, wapinzani wa utumwa waliwasilisha kesi mahakamani wakitaka aachiliwe. Kesi ilitupwa baada ya Baartman kuhojiwa na kunukuliwa akisema kwamba alikubali mwenyewe kazi hiyo. Uzito wa kauli ya mwanamke aliye ugenini, chini ya mamlaka ya waliomleta, haukuwashughulisha sana majaji.

Baartman alifariki jijini Paris mwishoni mwa mwaka 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na mifupa yake ikawekwa katika makavazi, ambako iliendelea kutazamwa na wageni hadi miaka ya 1970. Rais Nelson Mandela aliiomba Ufaransa irejeshe mabaki hayo mwaka 1994. Ilibidi bunge la Ufaransa lipitishe sheria maalumu kabla ya mabaki hayo kurudishwa mwaka 2002. Alizikwa Agosti 9 mwaka huo, siku ambayo Afrika Kusini huadhimisha wanawake wake.

Kwa hivyo, karibu karne nzima kabla ya Ota Benga kufungiwa Bronx, suala la kumwonyesha binadamu kwa tiketi lilikuwa limekwisha kufikishwa mbele ya majaji jijini London. Wapo waliojua kuwa ni uovu, na walilisema hilo wazi.

Kilichozima sauti zao ni faida. Katika miaka ya 1870, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, Ujerumani, kwa jina Carl Hagenbeck, aligundua kwamba umma ulikuwa tayari kulipa ili kuwatazama watu wa mbali kama ulivyolipa kuwatazama tembo na simba. Alianza na Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, walioletwa na kulungu wao. Baadaye maonyesho yake yakawahusisha watu wa mabara mengine, na mtindo huo ukaenea hadi Paris na miji mingine mikuu.

Gharama ya biashara hiyo ililipwa kwa uhai. Wainuiti wanane kutoka Labrador, Kanada, walioletwa Ulaya mwaka 1880 kwa maonyesho ya Hagenbeck, walifariki wote kwa ndui kufikia Januari 1881. Hawakuwa wamechanjwa kwa wakati. Watafiti wa Ufaransa wanakadiria kwamba watu wapatao 35,000 walionyeshwa kwa namna hii katika nchi mbalimbali hadi katikati ya karne ya 20.

Mbali na pesa, kulikuwa na siasa. Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliagiza Wakongo 267 waletwe katika maonyesho ya Tervuren, karibu na Brussels. Walijengewa vijiji vya kuigiza, nao Wabelgiji zaidi ya milioni moja wakafika kuwatazama. Saba kati ya Wakongo hao walifariki, na makaburi yao yangali kando ya kanisa la mji huo.

Lengo la Leopold halikuwa burudani tu. Kongo ilikuwa mali yake binafsi, ingawa hakuwahi kuikanyaga. Wakati umma ukishangilia Tervuren, askari na mawakala wake walikuwa wakiwalazimisha wanavijiji kukusanya mpira kwa mjeledi na bunduki. Mbelgiji wa kawaida aliyemwona Mkongo amezungushiwa ua alirejea nyumbani akiamini kwamba watu wa namna hiyo walihitaji kutawaliwa. Maonyesho hayo ndiyo yaliyozaa makavazi ya Afrika ya Tervuren, ambayo yalifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya kukarabatiwa na kutafakariwa upya kwa miaka mitano.

Ota Benga alitoka katika Kongo hiyo hiyo ya Leopold. Verner alikuwa amepewa kandarasi ya kuwaleta Wambuti katika maonyesho ya dunia ya St Louis, Marekani, mwaka 1904, na alidai kwamba alimnunua kijana huyo kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye alimwacha mikononi mwa mkurugenzi wa bustani ya Bronx, William Hornaday.

Magazeti ya wakati huo yaliripoti kwamba Jumapili moja watu wapatao 40,000 walifika bustanini. Wengi wao walimfuata Ota Benga kila alikoelekea, wakimzomea na kumdunga mbavuni, huku wakiangua kicheko.

Hapo pia hapakukosekana wa kukemea. Viongozi wa makanisa ya Wamarekani weusi, wakiongozwa na kasisi James Gordon aliyesimamia makao ya mayatima mtaani Brooklyn, walipinga kitendo hicho siku chache tu baada ya kuanza. Gordon alisema kuwa watu weusi walikuwa wamedhalilishwa vya kutosha bila mmoja wao kuonyeshwa pamoja na nyani, na kwamba walistahili kuhesabiwa kuwa binadamu wenye roho. Meya wa jiji alikataa kukutana na viongozi hao. Gazeti la New York Times nalo liliandika tahariri likishangaa kilichosababisha ghadhabu hiyo.

Hornaday alijitetea kwamba yalikuwa maonyesho ya kielimu. Aliungwa mkono na Madison Grant, katibu wa shirika lililomiliki bustani hiyo. Grant huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1916 kitabu cha kudai ubora wa Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya, kitabu kilichopendwa baadaye na Adolf Hitler. Fikra zake zilichangia pia sheria ya Marekani ya 1924 iliyobana uhamiaji kwa misingi ya asili ya mtu. Kizimba cha Bronx na sheria hiyo vilitokana na imani moja, kwamba binadamu wana madaraja.

Shinikizo la akina Gordon lilizaa matunda. Kabla ya Septemba kumalizika, Ota Benga aliondolewa bustanini na kupelekwa katika makao ya mayatima. Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, jimbo la Virginia, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Tamaa yake ya kurejea Kongo haikutimia. Mnamo Machi 20, 1916, alijiua kwa bastola.

Alipofariki, New York Times iliandika kwamba alikuwa mfanyakazi wa bustani, na kwamba madai ya kuonyeshwa kizimbani hayakuwa na msingi. Lilikuwa gazeti lile lile ambalo miaka 10 awali lilikuwa limeripoti habari za kizimba hicho. Mtu hafichi jambo analoamini kuwa ni la kawaida. Anayelificha amekwisha kutambua ubaya wake, na ukanushaji huo wa 1916 ni ushahidi dhidi ya kisingizio cha ‘hatukujua’.

Hata baada ya unyama wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kudhihirisha mahali ubaguzi unakoishia, mtindo huo haukukoma mara moja. Katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya 1958, Ubelgiji ilijenga tena kijiji cha Wakongo. Wageni waliwarushia ndizi na pesa juu ya ua. Safari hii walioonyeshwa waliamua wenyewe. Walilalamika, kisha wakafungasha virago na kurejea nyumbani kabla ya maonyesho kumalizika. Mnamo Juni 30, 1960, Kongo ilipata uhuru wake.

Jambo hili lina uzito hata katika karne hii. Juni 2005, bustani ya wanyama ya Augsburg, Ujerumani, iliandaa ‘kijiji cha Kiafrika’ chenye wachuuzi, wasusi na wachezaji ngoma, kandokando ya makazi ya wanyama. Waafrika na Wajerumani wengi waliteta. Jibu la waandalizi lilikuwa kwamba walitaka kukuza maelewano kati ya tamaduni. Elimu iliyotajwa na Hornaday mwaka 1906 ilikuwa imebadilishwa jina tu.

Miaka miwili baadaye zamu ilikuwa ya Wakenya. Mwaka 2007, bustani ya wanyama ya Woodland Park mjini Seattle, Marekani, iliajiri Wamaasai kutoka Kenya kuwaeleza wageni kuhusu maisha yao na wanyamapori. Haitakuwa haki kulilinganisha tukio hilo na kizimba cha Bronx. Hao waliajiriwa, walizungumza kwa vinywa vyao na walikuwa huru kuondoka. Hata hivyo, swali lililoulizwa na wakosoaji lina maana hadi leo: kwa nini mahali pa kujifunza kuhusu Mwafrika pawe ni pale anapofugwa twiga?

Swali hilo linaihusu pia sekta ya utalii hapa nchini, ambako wageni hupelekwa katika manyatta kupiga picha na kutazama ngoma. Kipimo si kama kuna ngoma au hakuna. Kipimo ni nani anayepanga maonyesho, nani anayesimulia, fedha zinaishia mfukoni mwa nani, na kama anayetazamwa anaweza kukataa bila kulala njaa. Penye majibu ya haki, huo ni utamaduni unaojitangaza. Pasipo na majibu, ua wa Tervuren ungalipo, hata kama hauonekani kwa macho.

Wahenga walisema kuwa mtenda husahau, mtendewa hasahau. Katika mkasa huu, hata mtenda hakusahau, bali alichagua kukana. Ndiyo maana radhi pekee haitoshi. Taasisi zilizofaidika zinapaswa kufungua kumbukumbu zao, kurejesha mabaki ya wafu yaliyomo katika makabati yao na kuwataja kwa majina waliodhulumiwa. Zinapaswa pia kuwataja akina Gordon, waliopaza sauti palepale na kupuuzwa. Wao ndio mashahidi kwamba kujua kuliwezekana.