Burundi: Vitamini haziwezi kupoza banda la kuku wa nyama

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Umuhindo hazijashika, huwa ni kipindi cha joto kali nchini Burundi. Kwa mfugaji mdogo wa kuku wa nyama, wiki hizo chache ndizo zinazoamua iwapo mtaji wake utarudi au utazikwa shimoni pamoja na kuku wake. Kinga anayouziwa ni pakiti ya unga wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye maji. Unga huo una faida, lakini faida yake ina masharti, na aghalabu masharti hayo hayaandikwi kwa lugha anayoisoma mnunuzi.

Joto chini ya bati

Vilima vya Nyarusange, katika nyanda za kati za Gitega, vina hewa ya ubaridi kuliko Bujumbura. Mji wa Gitega uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ilhali bonde la Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, halizidi takriban mita 1,000. Hata hivyo, hewa ya nje haielezi hali ya ndani ya banda. Kuku wa nyama aliyetimiza wiki 4 hustawi katika nyuzijoto 18 hadi 24 za Selsiasi. Banda fupi lililoezekwa kwa bati, ambamo kuku wamebanana juu ya matandazo yaliyolowa, linaweza kupita nyuzi 30 wakati wa adhuhuri, hata kilimani.

Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la takriban nyuzi 41, na njia yake kuu ya kulipunguza siku ya hari ni kuhema mdomo wazi. Kuhema huko hutoa kaboni dioksidi kupita kiasi, damu ikapoteza mizani yake, na mwili ukapoteza potasiamu na chumvi nyingine. Papo hapo kuku hupunguza kula, hivyo hukosa vitamini za chakulani wakati anapozihitaji zaidi.

Wanaotangulia kufa ni wale wazito, walio katika wiki ya 5 na ya 6, karibu na siku ya kuuzwa. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji huu, na kuku hao wamekwisha kukila. Kwa sababu hiyo, alasiri moja ya joto inaweza kumpokonya mfugaji matumizi ya mwezi mzima.

Faida na mipaka yake

Kwa kawaida kuku hujitengenezea vitamini C mwilini, lakini joto linapozidi hashindi mahitaji yake. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, yakiwemo ya mtafiti Kazim Sahin na wenzake nchini Uturuki, yameonyesha kwamba nyongeza ya vitamini C, vitamini E na madini ya zinki hupunguza madhara ya joto kwa kuku na kware. Chumvi za potasiamu na baikaboneti ya sodiamu nazo husaidia kurejesha kilichopotea na kumfanya kuku anywe maji zaidi.

Lakini hakuna vitamini inayopoza banda. Isitoshe, vitamini C huharibika upesi katika maji yenye uvuguvugu, juani au ndani ya chombo chenye kutu. Dawa iliyochanganywa alfajiri huenda ikawa imepoteza nguvu adhuhuri. Wala kuzidisha kipimo si suluhisho: vitamini A na D hulimbikizwa mwilini, na seleni ikipita kiasi huwa sumu.

Kilichomo ndani ya pakiti

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa barani Afrika kama vitamini za kuku, zipo zilizochanganywa na viuavijasumu. Mfugaji anayezitumia hadi siku ya kuuza hupeleka mabaki ya dawa mezani kwa mlaji, na huchangia vimelea kuwa sugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu kama vichocheo vya ukuaji wa mifugo tangu Januari 2006.

Bei nayo ina neno lake. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kutoka takriban faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 katika soko rasmi. Bidhaa ya kuagizwa nje hupanda bei dola inapopanda. Mfugaji asiyemudu hushawishika kupunguza kipimo, na hapo hulipia dawa isiyofikia nguvu ya kutibu.

Kinachotangulia pakiti

Hatua zenye nafuu zaidi hazihitaji dola: nyasi juu ya bati, kuta zilizo wazi upande wa upepo, kuku wachache zaidi bandani msimu wa joto, na vyombo vingi vya maji ya baridi vilivyowekwa kivulini. Chakula kiondolewe kabla ya adhuhuri na kurudishwa jioni, kwa kuwa kusaga chakula tumboni huongeza joto mwilini. Kuku wanaopelekwa masoko ya Bujumbura ni bora wasafirishwe usiku, kwani kila hatua ya kuteremka Imbo ni hatua ya kuingia kwenye joto. Vitamini zifuate baada ya hayo, kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Linalobaki ni jukumu la serikali. Burundi inapakana na Tanzania kupitia Kobero, mpaka ambao biashara yake huendeshwa kwa Kiswahili, nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Kumtaka mwagizaji aandike kwa Kirundi na Kiswahili kilichomo ndani ya pakiti, kipimo chake na siku za kusubiri kabla ya kuchinja, si gharama kubwa. Bila maandishi hayo, mfugaji wa Nyarusange ataendelea kununua asichokijua, na mlaji ataendelea kula asichoambiwa.