Amplifaya za intaneti Kigali: Wati za kwenye boksi hazirudishi mteja

KIGALI – Kwa miaka mingi hesabu ya muuza vifaa vya muziki katika eneo la kwa Mateus ilikuwa nyepesi: boksi kubwa, wati nyingi, bei ya chini. Hesabu hiyo sasa inayumba. Mteja mwenye intaneti ya nyumbani hataki tena sabufa yenye taa za rangi. Anaulizia amplifaya ndogo inayochukua muziki moja kwa moja kutoka kwenye intaneti na kuupeleka kwenye spika zake. Spotify iliingia Rwanda mwaka 2021 na Starlink mwaka 2023, hivyo ombi lake si la ajabu. Swali linabaki kwa mfanyabiashara: alete ipi, na aipitishe njia gani?

Tuchukue mbili zinazojulikana. Sonos Amp ilitoka kwa dola 599 na inatoa wati 125 kila upande kwa spika za omu 8. WiiM Amp, iliyotoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 299, inatoa wati 60. Kwa kuangalia namba tu, ya kwanza inaonekana kuwa na nguvu maradufu. Masikio hayahesabu hivyo. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sebuleni hutaisikia sana. Spika nzuri itamsaidia mteja kuliko wati hizo za ziada.

Tofauti inayouza katika soko letu iko kwingine. Sonos Amp haina Bluetooth wala tundu la flashi. WiiM Amp ina vyote viwili. Mhandisi wa Ulaya anaweza kuliona hilo jambo dogo, lakini huku bando huisha, mgeni hutaka kucheza nyimbo za kwenye simu yake, na watu wengi bado wana flashi yenye nyimbo mia tano. Kifaa kinachonyamaza intaneti ikikatika ni kifaa kitakachorudishwa dukani.

Chini ya hizo kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalojaza mabegi ya wafanyabiashara: amplifaya ndogo zisizo na jina, zilizoandikwa "300W + 300W" au namba za PMPO zinazofika maelfu. Hapa hauhitaji fundi. Geuza adapta yake usome maandishi. Ikiwa inatoa volti 24 na ampea 4, zidisha: ni wati 96 kwa jumla. Amplifaya haiwezi kutoa umeme ambao haikuupokea, kwa hiyo hata bila upotevu wowote kila upande haupati zaidi ya wati 48. Zile 600 ni za karatasi. Mwenye kununua kontena kwa kufuata namba ya boksi ananunua wino.

Lakini hata bidhaa ya jina kubwa ina hatari yake, nayo ni programu. Mei 2024 Sonos ilitoa programu mpya ya simu iliyopoteza baadhi ya huduma za zamani. Wateja walilalamika dunia nzima, na Januari 2025 mkurugenzi mkuu wake, Patrick Spence, aliondoka. Kifaa kilikuwa kizima, waya zilikuwa nzima, tatizo likatoka makao makuu. Mwenye duka Kigali aliyetoa dhamana ya mwaka mmoja anajibu vipi kwa kosa kama hilo? Ni vyema dhamana iandikwe wazi kwamba inahusu kifaa, si programu.

Kwa upande wa usafirishaji, udogo wa mzigo huu unabadilisha mahesabu. WiiM Amp haifiki kilo 2, wakati amplifaya za zamani zilifika kilo 10. Kwa ndege kutoka Dubai inawezekana, ila kumbukeni ndege hutoza pia ukubwa: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20 hata kama mizani inasema 14. Kontena la Dar es Salaam kupitia Rusumo ni nafuu kwa kila kipande, lakini mtaji unalala njiani, na bidhaa hizi huzeeka upesi. Baada ya WiiM Amp ya 2023 ilikuja Amp Pro mwaka 2024 na Amp Ultra mwaka 2025. Mtindo ukibadilika mzigo ukiwa baharini, faida iliyookolewa kwenye nauli inaliwa na punguzo la bei.

Forodhani, amplifaya huangukia kifungu cha HS 8518, lakini yenye redio ya kunasa stesheni inaweza kuhamishiwa 8527. Wakala aulizwe kabla ya kununua. Tuchukulie kiwango cha asilimia 25: kifaa cha dola 300 hadi Kigali kinakuwa 375, kisha VAT ya asilimia 18 inakifikisha 442.50, bila tozo ndogondogo. Aidha, kwa kuwa kina Wi-Fi, kinaingia katika eneo la RURA, jambo ambalo amplifaya za zamani hazikuwa nalo.

Wanaofikiria kuvusha Rubavu kwenda Goma waongeze hesabu nyingine. Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini bidhaa ya Uchina haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala Kigali. Tangu M23 waliposhika Goma Januari 2025, malipo ya benki nako yamekuwa mtihani. Na jambo moja dogo: mzigo wa Dubai mara nyingi huja na plagi ya pini tatu bapa, wakati Kigali na Goma hutumia pini mbili za duara. Kwa mashine ambazo waya wake unachomoka, agizeni waya sahihi huko huko Dubai, katoni nzima, kabla boksi hazijafungwa.