Tusiwafanye wanafunzi kuwa mahamali wa kamera

Mwezi wa Julai mwaka wa 2019, walimu wa shule moja ya upili karibu na kwetu Kibugu, kaunti ya Embu, waliniomba niandamane na chama chao cha Kiswahili katika ziara ya siku moja jijini Nairobi. Asubuhi wanafunzi wangezuru chuo kikuu wajionee jinsi lugha inavyochunguzwa. Alasiri wangepelekwa kwenye bustani ya burudani, mojawapo ya zile zenye bembea za kuzunguka, gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, na vigari viendavyo kasi juu ya reli huku abiria wakipiga mayowe. Nilikabidhiwa jukumu la kupiga picha, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa na kamera.

Nilikuwa na kamera, na nilikuwa na mkoba wa kamera. Huo mkoba ndio ulioniponza.

Niliununua mwaka mmoja kabla ya hapo kutoka kwa muuzaji mwenye ulimi mtamu, aliyenieleza kwamba kamera ya maana haitiwi katika kifuko cha kununulia mboga. Ulikuwa mweusi, mpana, wenye kuta nene za sponji na vifuko 14 vya ndani na nje. Nami, kama binadamu yeyote aliyeonyeshwa kifuko kitupu, nilihisi kwamba sharti nikijaze. Nilitia lenzi tatu, taa ya kamera, betri za akiba, chaja, stendi ya miguu mitatu, mwavuli, chupa ya maji na vitabu viwili ambavyo sijui nilidhani ningevisoma saa ngapi.

Tulipofika kwenye bembea ya kwanza, mhudumu wa mtambo aliutazama mkoba wangu, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, "Mizigo haipandi, Mwalimu." Alikuwa na haki. Kitu kizito kikimponyoka mtu akiwa juu, kinaweza kumuumiza aliye chini. Nikageuka huku na huko nikitafuta pa kuuweka. Binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, mmoja wa wale ambao mwalimu hulijua jina lao mwishoni mwa muhula, akanyoosha mikono. "Nipe nikushikie, Mwalimu."

Nilimshukuru, nikatoa kamera, nikamwachia mkoba. Aliketi kwenye benchi, akaupakata kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Nikaendelea na shughuli zangu. Nilipiga picha za wenzake wakicheka, wakifumba macho, wakishikana mikono hewani. Tulihama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, naye akahama nasi, daima hatua kadhaa nyuma, mkoba begani. Saa kumi na nusu dereva alipopiga honi ya basi, nilimwuliza kwa furaha ni bembea ipi iliyompendeza zaidi. Akajibu, "Sikupanda, Mwalimu. Nilikuwa na mkoba." Tiketi yake ilikuwa bado kiganjani, nzima, haijatobolewa. Ilikuwa tiketi ya siku hiyo tu.

Mzazi wake ni mchumaji wa majani chai. Ada ya ziara aliilipa kwa awamu tatu. Usiku ule nilipozitazama picha nyumbani, zilikuwa zaidi ya mia mbili, na binti yule alionekana katika moja tu, ile ya pamoja tuliyoipiga langoni kabla ya kuingia.

Sikumtuma. Alijitolea mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja niliyojipa njiani kutoka Thika hadi Makutano, na tulipoyafikia mashamba ya mpunga ya Mwea nilikuwa nimekwisha kuiona kuwa hoja hafifu. Mwanafunzi hujitolea kwa sababu mwalimu amesimama mbele yake akiwa amelemewa. Kama singelemewa, asingejitolea. Kosa lilianzia dukani, siku niliyochagua mkoba nikiifikiria kamera peke yake bila kufikiria mahali nitakapokwenda nayo, wala mgongo utakaoubeba.

Kesho yake niliazima mizani ya mama ya kupimia maharagwe. Mkoba ukiwa mtupu ulikuwa na uzito wa kilo 1.9. Ukiwa na vyote nilivyovipakia, kilo 6.5. Vitu nilivyovitumia kweli siku ile, yaani kamera na lenzi moja, vilikuwa kilo moja na robo. Zaidi ya kilo tano zilisafiri kutoka Kibugu hadi Nairobi na kurudi, mwendo wa zaidi ya kilomita 240, bila kumfaa mtu yeyote, na kwa saa tatu zilipakatwa na mtoto wa watu.

Mama, aliyekuwa akinitazama nikipima, alishangaa kwamba mtu mwenye shahada ya uzamifu hakuwa amejua mkoba una uzito. Mkulima wa majani chai hahitaji kufunzwa somo hilo. Katika kituo cha kununulia majani, mfuko hauhesabiwi kuwa chai. Uzito wake huondolewa kabla ya kilo kuandikwa. Kwa hiyo mchumaji hutafuta chombo chepesi kinachopitisha hewa, na akishakipata hakiachi. Sisi tunaonunua mikoba ya kamera huuliza bei, huuliza rangi, huhesabu vifuko. Ni nani aliyewahi kumwambia muuzaji, "Hebu kwanza tuupime ukiwa mtupu"?

Wasomaji watanisamehe nikiingilia kidogo taaluma yangu. Kiswahili kina majina mengi ya vyombo vya kubebea, na kila jina limekuja na kazi yake. Mkoba katika matumizi ya zamani ulikuwa mfuko wa fundi au wa mganga, wenye zana za kazi moja. Hadi leo twasema fulani amerithi mkoba, tukimaanisha amerithi kazi. Shanta, ule mfuko wa mgongoni, ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Waturuki. Begi ni la Kiingereza. Kiondo tumekipata kwa majirani wa bara, Wakikuyu na Wakamba, nasi Waembu tunacho pia. Na kamera yenyewe ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba, kwa kuwa mtangulizi wake alikuwa chumba cha giza chenye kitundu kimoja cha kupitishia mwanga. Chombo changu cha vifuko 14 kiliitwa mkoba, bali hakikuwa na kazi moja. Kilikuwa ghala lenye ukanda.

Tamaa ya wepesi si jambo jipya wala si anasa. Oskar Barnack, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, alipenda kutembea na kupiga picha, lakini alikuwa mgonjwa wa pumu. Kamera za wakati wake, pamoja na vioo vyake na miguu yake ya mbao, zilimkata pumzi. Akaunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, nayo ikaingia sokoni mwaka wa 1925 kwa jina la Leica. Historia ya picha za magazeti katika karne iliyopita ilibadilishwa kwa sehemu kubwa na mtu aliyeuliza ni uzito gani kifua chake kingeweza kuustahimili.

Kuna watakaosema kwamba wapiga picha mashuhuri hubeba masanduku. Ni kweli. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu, hakwenda kule na kifuko cha mkononi. Lakini yeye alikuwa kazini. Mwalimu aliyewapeleka watoto bembeani ana kazi nyingine: kuwahesabu, kuwavusha barabara, kumtafuta aliyepotea, kumshika mgongo anayetapika baada ya kuzungushwa. Picha ni ya ziada.

Wengine watasema simu zimekwisha kuiondoa haja ya kamera. Huenda, kwa watu wazima. Lakini wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na aghalabu kamera ya mwalimu mmoja ndiyo itakayoamua ni watoto gani watakaokuwa na kumbukumbu ya siku hiyo. Mwaka wa 1993, nilipokuwa shule ya msingi, tulikodi mpiga picha mwenye filamu ya picha 36, naye alihakikisha kila mtoto ameingia walau mara moja kwa kuwa kila mtoto alikuwa mteja. Mimi nilikuwa na nafasi ya maelfu ya picha, nikamsahau mmoja.

Basi mwalimu achague mkoba wa namna gani? Nitasema niliyojifunza mimi. Upimwe ukiwa mtupu, na ukizidi nusu kilo urudishwe rafuni. Utoshe kamera ikiwa na lenzi yake moja, betri moja ya akiba, kadi ya kumbukumbu na kitambaa laini cha kupangusia, kisha ukatae kingine chochote. Nafasi ya ziada ni mtego. Ukanda uwe mpana na mrefu wa kupita kifuani kwa mshazari, ili mkoba ukae mbele ya tumbo mahali ambapo macho na mikono yako vinaufikia. Katika umati wa Nairobi mkoba ulio mgongoni ni wa kila mtu. Zipu ifungukie upande wa mwili wako, na jina la kampuni ya kamera lisiandikwe nje kwa herufi za kumwalika mwizi.

Maji yasitiwe humo kamwe. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kizibo kikilegea huna kamera. Zamani, mvua ikinyesha, tuliifunga kamera ndani ya juala na kuendelea na safari. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki na vyombo vingine vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za taifa. Anayepanga kuunganisha bembea na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kama shule nyingi zifanyavyo, ajue kwamba kila mwanafunzi atahitaji chupa ya kudumu, ambayo ni nzito zaidi, na ampe kila mmoja chupa yake aibebe. Kwa mvua yatosha kipande cha kitambaa kisichopenya maji, kikunjwe chini ya kamera.

Nilikifikiria kiondo, kwa kuwa ni chepesi na ni chetu. Nilikijaribu kwa wiki mbili. Mdomo wake u wazi, vumbi jekundu la barabara zetu huingia bila hodi, na ukanda wake mwembamba wa ngozi huuma bega. Kinachofaa viazi si lazima kifae lenzi, na uzalendo hauzibi vumbi.

Hatimaye nilimwendea fundi cherehani wa sokoni Kibugu nikiwa na kamera mkononi. Aliipima kwa utepe kama apimavyo mtu suti. Alikata turubai ya kijani, akaweka ndani kipande cha blanketi kuukuu kwa tabaka mbili, akatia zipu na ukanda wa begi la shule lililochakaa. Aliponiuliza, "Na vifuko vya pembeni, Mwalimu?" nilimwambia kimoja tu, cha betri na kadi. Ulipimwa gramu 350. Ukiwa na kila kitu, haufiki kilo mbili.

Sidai kwamba mkoba huo utaruhusiwa kupanda bembea. Mhudumu ataukataa kama alivyoukataa ule mwingine, na afanye hivyo. Tofauti ni kwamba unakaa kifuani pangu kutwa nzima nami nasahau kuwa upo, kwa hiyo hakuna anayenyoosha mikono kunisaidia. Niliandamana tena na shule hiyo mwaka wa 2023. Nilibaki chini, maana bembea hunitia kizunguzungu, nikiwa na mkoba wangu na orodha ya majina, na kila niliyempiga picha nilimtia alama.

Yule binti alikwisha kumaliza kidato cha nne. Nilikutana naye sokoni Desemba iliyopita, mama akiwa nami. Nilimwomba radhi kwa siku ile, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla basi halijaondoka Nairobi. Alicheka, akasema bado hajawahi kupanda lile gurudumu, kisha akaniuliza ule mkoba mweusi uko wapi. Mama ndiye aliyemjibu. Yeye huhifadhi humo mbegu za maharagwe, kila kifuko na aina yake, na anasema tangu aupate panya hawajamsumbua.