Nyumba Imeuzwa, Watoto Wamo Ndani

Ukipita mitaa ya miji yetu utakutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za kampeni: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huona ni kichekesho. Kwani nani kakuuliza bei? Lakini mwenyeji anajua. Kuna mwenye nyumba anayeogopa matapeli wenye hati za kughushi. Na kuna nyumba nyingine, ndugu msomaji, ambazo aliyeandika ni mama wa humohumo ndani, au watoto wakubwa, na adui wanayemtangazia vita ni baba mwenye nyumba.

Mimi natetea maandishi hayo. Leo nataka kugombana na baba anayeuza nyumba huku watoto wake wanalala ndani hawana habari, na dalali anayemfundisha namna ya kuwaficha, na mnunuzi anayeingia, anaona viatu vya shule mlangoni, na hasemi kitu. Na sisi tunaojaribu kuandika riwaya tusijione watakatifu. Hadithi zetu ndizo hizohizo: "Akauza nyumba, akahamia mjini." Nukta, aya mpya. Watoto walikuwa wapi wakati nyumba inauzwa? Mwandishi hajui, na wala hajali.

Nasema ninachokijua. Kwetu ni senta moja karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2001, na tangu hapo kila mwenye kipande cha ardhi huku aliota wapangaji. Baba naye akajenga: nyumba yetu ya vyumba vitatu, na pembeni safu ya vyumba vinne vya kupangisha. Wapangaji walikuwepo kweli, na pesa ilionekana. Kisha Machi 2017 serikali ikazuia makinikia kusafirishwa nje, mgodi ukapunguza kazi mwaka huohuo, watu wakafunga virago. Vyumba vyetu vikabaki na popo. Uzalishaji ulikuja kurudi baada ya makubaliano ya serikali na Barrick ya mwaka 2020, lakini wakati huo sisi tulishaondoka zamani.

Mzee hakukubali kushindwa. Alikuwa na hisa katika duara moja upande wa Geita, na duara halishibi: leo linataka matimba, kesho mafuta ya pampu, keshokutwa chakula cha wachimbaji. "Bado kidogo tukamate mwamba," ndio wimbo wao wote. Mwaka 2018 akaamua kuuza nyumba. Kutuambia? Hakutuambia. Tulimjua dalali kabla hatujaijua habari.

Alikuja jioni tunakula ugali. Hakupiga hodi ya mgeni, alipiga hodi ya mtu mwenye mali. Nyuma yake mzee mmoja na kijana mwenye tochi ya simu. Baba akasema, "Hawa mafundi, wanaangalia bati." Haya, fundi gani wa bati anafungua kabati la mama? Wakamulika kitanda cha wadogo zangu, wakamulika dari, wakagonga ukuta kwa ngumi kusikia kama ni tofali za kuchoma au tope lililopakwa saruji. Wakauliza choo. Mdogo wangu wa mwisho, alikuwa darasa la pili, akachukua taa akatangulia kuwaonyesha njia. Alidhani anasaidia mafundi.

Wiki ile "mafundi" walikuja mara tatu zaidi. Kila wakija mama anaambiwa afagie, sisi tunaambiwa tutoke nje, au tukibaki tufunge midomo. Mimi kwa kuwa mkubwa nilipewa na maneno ya kusema: kisima hakikauki. Kisima kile kinakauka kila Septemba. Nikasema hakikauki.

Ukuta wa barazani mdogo wangu wa kike, darasa la saba, alikuwa ameandika kwa mkaa tebo ya 12 na ya 13 na majina ya mikoa. Ndio ulikuwa ubao wake wa kujiandaa na mtihani. Dalali akasema unachafua bei. Ukapigwa chokaa mwenyewe akiwa shule. Aliporudi akasimama pale na begi mgongoni, akauliza, "Nani kafuta?" Hakuna aliyejibu. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba tunahama.

Halafu yakaja mawe. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuna kaburi la mdogo wetu aliyefariki akiwa na miezi minane. Kwetu Usukumani kumzika mtu nyumbani si ajabu. Lilizungushiwa mawe meupe, yale ya mgodini. Dalali akamwambia baba, tena mbele yangu: "Mzee, kaburi linashusha laki 3. Yale mawe yaondolewe." Baba aliangalia chini. Hakuyaondoa yeye. Alinituma mimi, siku mama yuko mnadani. Nikayaondoa, nikayapanga kando ya njia ya kwenda chooni, yakapendeza kabisa. Nilikuwa kidato cha tatu, nilijua ninachofanya. Kwa hiyo mtu asije akasema naandika kwa kumchukia baba yangu. Katika biashara ile na mimi nilikuwa kibarua.

Sasa wako watakaosema: nyumba ni ya baba, kajenga kwa jasho lake, wengine wote ni abiria. Hoja hii nimeisikia vijiweni mpaka imenichosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa, wala kuigawa zawadi, wala kuipangisha, wala kuiweka rehani, bila ridhaa ya mwenzake. Elfu moja mia tisa sabini na moja, jamani! Si jambo la jana, wala halikuletwa na hao mnaowaita wanaharakati. Na habari ya jasho, Mahakama ya Rufani ilishaitolea jibu mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona alishatapanya fedha alizopewa na mumewe. Lakini wenzake wengi wamepita katika mlango alioufungua.

Mimi naongeza jambo ambalo mahakama ile haikuulizwa. Vyumba vile vya wapangaji vilipojengwa, mimi na mdogo wangu tulibeba maji ya kufyatulia tofali, ndoo kichwani, likizo nzima ya Juni. Yeye alikuwa bado hajang'oa meno ya utoto yote. Hilo nalo ni jasho la nani?

Utaniambia mama alisaini. Kweli, alisaini. Karatasi ya daftari, juu imeandikwa "Hati ya Mauziano," mashahidi wanne, mama wa mwisho, anaitwa kutoka jikoni wali wa wageni unaungua. Fedha zimeshahesabiwa ziko mezani. Wazee wamekaa, mnunuzi amekaa, kalamu inanyooshwa. Aseme nini pale? Kuku naye akishikwa miguu ananyamaza, tuseme ameridhia kuchinjwa? Ardhi yenyewe ni ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe kwanza, tena isiidhinishe pale ambapo kuhamisha huko kutamnyima mwanamke haki yake ya kukaa kwenye ardhi hiyo. Mambo mazuri sana. Yamo kitabuni, na karatasi ya daftari imo mfukoni mwa mnunuzi.

Na watoto je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Nikiwasomea hiyo kijiweni wanacheka mpaka kahawa inamwagika. "Kwa hiyo nimuulize wa darasa la pili kama niuze?" Hakuna aliyesema mtoto apewe kalamu. Ninachodai ni kitu cha bei rahisi kabisa: aambiwe. Aambiwe tunahama, lini, kwenda wapi, mbuzi wake anakwenda na nani, shule itakuwa ipi. Na kama mauzo yanaweza kungoja mtihani upite, yangoje.

Sikatai kuuza. Mwenye mgonjwa auze, tena haraka. Mwenye deni linalomtoa usingizi auze. Najua pia kwamba wazazi wengine wanaficha kwa huruma, au kwa aibu. Lakini kwetu haikuwa huruma. Mtoto anafichwa kwa sababu mtoto akiulizwa atasema kweli juu ya kisima.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wazee hawa ni wa Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo na familia zao waliondolewa hapa ili kupisha mgodi mkubwa. Mpaka leo ukikaa na mtu mzima wa huku hiyo ndiyo habari ya kwanza: hatukuulizwa, hatukusikilizwa, tulibeba magodoro na sufuria tukaondoka. Nami nakubali, ni uchungu, na una haki ya kusimuliwa. Ila mtu anasimulia hayo mchana kutwa, sauti inatetemeka, halafu jioni anarudi nyumbani kwake na mafundi wa bati.

Mnunuzi wetu alitupa miezi miwili ya kuhama. Watu walimsifu: muungwana. Mimi nasema miezi ile ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote. Alikuja kila Jumapili kuangalia mali yake. Alihesabu mapapai. Mama alipochuma moja, aliambiwa kwa upole kabisa, "Mama, tulinunua pamoja na miti." Bati likionekana na tundu, macho yanawageukia watoto. Yule mdogo wetu wa darasa la pili akaanza kulala chini kwenye mkeka. Mama akamuuliza, "Ng'wanone, kitanda kimefanya nini?" Akasema anaogopa kukichakaza, mwenyewe atagomba. Kitanda kilikuwa chetu! Kwa kuwa hakuna aliyemweleza, hakujua kilichouzwa kinaishia wapi. Kwa jinsi alivyoelewa, hata yeye huenda alikuwemo kwenye bei.

Wewe mnunuzi uliuliza maji, ukauliza mpaka, ukauliza kama lori linaingia. Ulishindwa nini kuuliza, "Hawa watoto wanajua?" Ungejibiwa uongo, sawa, nami pengine ndiye ningetumwa kuusema. Lakini ungekuwa umeuliza.

Tulihama Agosti 2018, wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la saba. Mdogo wangu alibaki kwa jirani ili afanyie mtihani palepale, akalala chumba kimoja na watoto sita. Hakuchaguliwa. Sitasema alifeli kwa sababu ya nyumba. Hesabu zilimsumbua tangu zamani, ndiyo maana ya zile tebo ukutani. Lile duara lilijaa maji masika ya 2019. Baba sasa analinda karasha la mtu, na tukikutana tunazungumza mambo ya mvua.

Nilipita pale mwezi uliopita. Wenyeji wapya ni watu wazuri, walinipa uji. Mawe meupe bado yamepangwa njia ya chooni, na mtoto wao alikuwa anayarukaruka moja baada ya jingine. Sikumwambia mtu kitu.

Mdogo wangu ana mtoto mmoja sasa, wanapanga Kahama. Wiki jana alinipigia simu: mumewe kapata kiwanja, anataka kujua karatasi iandikweje. Nikamwambia iandikwe majina mawili, lako na lake. Akasema amemweleza hivyo mumewe, na mumewe kanuna. Nikamwambia basi anune kwanza mpaka amalize, saruji itangoja.