Wapangaji wa miji wajifunze kusema na wenye miji

Neno 'mpangaji' lina maana mbili katika Kiswahili chetu, na maana iliyo maarufu zaidi si ile inayowapendeza wataalamu. Kwa watu wengi mpangaji ni yule aliyekodi chumba, anayelipa kodi kila mwisho wa mwezi na kumkwepa mwenye nyumba pesa zinapochelewa. Mwanafunzi anayesomea upangaji wa miji na mazingira akienda nyumbani likizoni na kumwambia nyanya yake kwamba anasomea kuwa mpangaji, bibi huyo ana haki ya kuuliza kwa nini ng'ombe waliuzwa ili mjukuu wake akafunzwe kukodi nyumba.

Utani huo una uzito wake. Taaluma isiyokuwa na jina linaloeleweka sokoni na barazani haiwezi kutarajia kwamba umma utaitetea siku itakapohitaji kutetewa. Nayo, kwa maoni yangu, inahitaji kutetewa sasa, kwani wahitimu wake wanazunguka na vyeti ndani ya bahasha za khaki ilhali nchi inajengwa kiholela mbele ya macho yao.

Mtu akizisoma sheria zetu peke yake ataapa kwamba hakuna kazi yenye soko kama hii. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali 47 za kaunti jukumu la kupanga maendeleo yao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaongeza kwamba fedha za umma zisitengwe nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti, na ikataka pawepo mpango wa maendeleo wa miaka 5 pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 iliporekebishwa mwaka wa 2019, idadi ya wakazi inayouwezesha mji kuitwa manispaa iliteremshwa hadi 50,000, na ile ya jiji hadi 250,000. Mwaka uo huo ikapitishwa sheria mpya ya upangaji na matumizi ya ardhi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kabla ya hapo, mnamo 2017, Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mkopo wa dola milioni 300 wa kuimarisha miji ya kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Isitoshe, hapo Gigiri pana makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la mazingira na lile la makazi. Ni wapi pengine ulimwenguni ambapo mwanafunzi wa fani hii huweza kupanda matatu akayafikia yote mawili?

Lakini soko la sheria si soko la ajira. Kaunti nyingi huikabidhi kampuni ya washauri kazi ya kuandaa mpango. Kampuni huandaa kitabu kinene chenye ramani za rangi, kitabu hupokewa na gavana mbele ya kamera, kisha hufungiwa kabatini. Kijana aliyehitimu Nairobi, Maseno au Kenyatta huajiriwa kwa miezi michache ahesabu nyumba na kuchora ramani kwenye kompyuta. Kazi ikiisha, naye pia amekwisha. Ili asajiliwe na bodi anahitaji uzoefu, na ili apate kazi ya kumpa uzoefu huulizwa kama amesajiliwa. Haya wanafunzi wanayajua kuliko mimi, na sitayarefusha.

Vyama vya taaluma navyo havijalala. Huandaa makongamano na warsha, na mhudhuriaji hujikusanyia pointi za kuthibitisha kwamba anajiendeleza. Mada huwa ni programu za ramani, picha za setilaiti, mabadiliko ya tabianchi, jinsi miji inavyoweza kukopa. Zote zina manufaa, nami simo miongoni mwa wanaozibeza. Hata hivyo, katika orodha nilizobahatika kuziona, sijakutana na mada hata moja inayohusu namna ya kumweleza mkazi, kwa lugha anayoifahamu, mpango utakaoamua kama nyumba yake itabaki imesimama. Hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya chifu, au ya yeyote atakayeokotwa siku ya mkutano ili atafsiri.

Najua nitaambiwa kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kwamba mwanaisimu hawezi kuona tatizo lolote ila aone lugha. Basi na tuitazame Lamu.

Kampuni iliyonuia kujenga huko Kwasasi kituo cha kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe ilipewa leseni ya mazingira na NEMA mwaka wa 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, naam, lakini ilifanyika kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika, hivi kwamba wakazi walitakiwa watoe maoni juu ya waraka usiokuwapo. Ripoti ilipokamilika ilikuwa mlima wa kurasa za Kiingereza cha kitaalamu. Na hapa ni Lamu, jamani! Hivi ni visiwa vya akina Mwana Kupona. Watu ambao wazee wao waliandika tenzi ndefu kabla ya reli kufika Nairobi hawakosi akili ya kufahamu habari ya moshi, majivu na samaki. Walichokosa ni mtu wa kuwaandikia. Mwaka uliotangulia, Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeamuru wavuvi wapatao 4,600 wa huko huko wafidiwe Sh1.76 bilioni kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Mwenye kuhesabu na ahesabu: mkalimani mmoja na mhariri mmoja wa Kiswahili wangeigharimu miradi hiyo kiasi gani?

Tena sheria haikuwa kimya. Kanuni za 2003 za kutathmini athari za mazingira ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, mara moja kwa wiki kwa majuma mawili mfululizo. Aliyeziandika kanuni hizo alilifikiria sikio la mwananchi. Aliyesahau ni anayemfunza mtaalamu, kwa maana hakuna shahada ya upangaji ninayoijua inayomtahini mwanafunzi kwa kumsimamisha mbele ya wavuvi.

Kuna mahali pamoja ambapo kazi ilifanywa kwa njia nyingine. Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la upangaji. Hapo pana kaya zaidi ya 100,000 zilizobanana katika ekari mia sita na ushei. Vyuo na mashirika zaidi ya 40 yalishiriki, na Muungano wa Wanavijiji na wenzao wakawapanga wakazi kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, ngazi kwa ngazi hadi kwenye mabaraza. Humo ndimo palipojadiliwa upana wa barabara, mahali pa choo, bomba la maji lipite wapi, na mlango wa nani ukatwe ili njia ipatikane. Mijadala ya namna hiyo haiendeshwi kwa Kiingereza cha semina. Kijana aliyepitia Mukuru akajua kuuliza, kunyamaza na kueleza ramani kwa mzee aliyekasirika ana ujuzi ambao hakuna programu ya kompyuta itakayompa, na laiti ningekuwa mwajiri ningeanza naye.

Sisemi kwamba Mukuru imegeuka pepo. Novemba 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili barabara ipite, ilhali tangazo la kupangwa kwa eneo hilo lilikuwa na miaka minne. Mpango unaweza kuelezwa vizuri na bado ukapuuzwa na wenye tingatinga. Lakini mpango uliokwisha kueleweka una mashahidi wengi. Ule uliofungiwa kabatini hauna hata mmoja.

Nisamehewe kama nitaingia kidogo katika ufundi wangu. Nairobi ilipoanza kubomoa majumba yaliyojengwa kandokando ya mito mwaka wa 2018, na ilipowahamisha watu wa Mathare baada ya mafuriko ya 2024, nchi nzima ilijifunza neno moja la Kiingereza kuhusu ardhi ya kingo za mito. Makanga wakalitamka, wahubiri wakalitamka. Muulize sasa mmoja wao ardhi hiyo inaanzia wapi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema mita 6 hadi 30, zikipimwa kutoka alama ya juu kabisa inayofikiwa na maji. Hilo si sawa na kupima kutoka katikati ya mto, wala kutoka ukingo wa maji ya leo asubuhi mvua ikiwa haijanyesha. Unapotafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili hunusuriki: lazima useme ni maji ya lini, na ni nani aliyeiona alama. Mwenye nyumba ya mabati atauliza papo hapo. Nashuku kwamba baadhi ya maofisa huipenda istilahi ya kigeni kwa sababu haiulizwi maswali.

Hoja nyingine ni ya tumbo, nayo ni halali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na vijana wetu huambiwa wavuke mpaka wakatafute kazi. Avuke kwenda wapi? Tanzania ina miji inayokua haraka na ina Dodoma inayojengwa kuwa makao makuu halisi. Lakini huko serikali za mitaa hufanya kazi kwa Kiswahili. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wanakijiji huujadili kwa msamiati uliokwisha kukomaa: mipango miji, urasimishaji, leseni ya makazi, hatimiliki. Mhitimu wetu mwenye alama za juu akiingia hapo hubaki kama bubu, na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Ardhi humpita bila jasho.

Kwa hiyo ningependa walimu wanaowashauri vijana wa shule za upili waache kusema kwamba upangaji ni kozi ya aliyekosa uhandisi, na waache pia kumwambia anayependa Kiswahili kwamba amejifungia darasani maisha yake yote. Kaunti zina mipango, manispaa zina mikutano, miradi ina ripoti za athari, na kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nani huiandika mipango hiyo kwa lugha rasmi hii? Hapa pana ajira mbili, ya mpangaji na ya mtafsiri, na vyama vya taaluma vingeweza kuanza kesho kwa kutoa pointi kwa anayejifunza kuendesha baraza kama vinavyotoa kwa anayejifunza setilaiti.

Muhula huu nimewakutanisha wanafunzi wangu wachache wa uzamili na wenzao wa upangaji, tukijaribu kuufanyia ufupisho wa Kiswahili mpango wa manispaa moja. Majuma matatu yamepita na tumefika ukurasa wa 11. Tulikwama siku nzima kwenye jina la mahali wanapoishi maskini wa mji huo. Wa upangaji walitaka 'makazi yasiyo rasmi', wangu wakashikilia 'mtaa wa mabanda', mmoja akapendekeza 'kitongoji duni'. Msichana aliyelelewa katika mojawapo ya mitaa hiyo alikaa kimya hadi alipoulizwa. Akasema kwao huitwa kijijini.