Kabla bomba la gesi halijafika Tanga, tuonyesheni daftari la majaribio

Makamanda wa Tanga, Muheza, Pangani, Mkinga, na ndugu zetu wa Pemba, leo tuache kidogo habari za nani kahama chama. Tuzungumzie mtambo unaohama mafuta.

Mei 2021 serikali yetu na Kenya zilisaini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Tangu hapo vijiweni watu wanasema bomba likipita huku, Tanga nayo itapata mtambo wake wa kufua umeme. Mimi huo mtambo nautaka. Tena nautaka uwe wa nishati mbili: siku zote gesi, na gesi ikiyumba, dizeli au mafuta ya ndege. Bandari yetu inapokea mafuta, matenki yapo, hatuhitaji foleni ya malori kutoka Dar. Ila nina sharti moja.

Mimi ni fundi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha udhibiti cha mtambo mmoja wa gesi ambao sitautaja. Kwenye makaratasi mashine ile ilikuwa ya nishati mbili. Siku presha ya gesi iliposhuka, ikajaribu kuhamia dizeli, ikazima kabla hujamaliza kusema bismillahi. Walioumia ni wananchi gizani, na kwenye taarifa wakaambiwa ni "hitilafu".

Hitilafu gani? Kuhama siyo kama kubadili laini ya simu. Gesi inapunguzwa taratibu huku mafuta yanaongezwa, jumla ya moto isibadilike, na yote hayo mashine ikiwa inazunguka na imebeba mzigo. Bomba la mafuta lazima liwe limejaa mpaka karibu na nozeli. Likiwa na hewa ndani, moto unakosa chakula kidogo tu na mashine inajizima.

Adui mkubwa ni ukoko. Mtambo ukikaa miezi unachoma gesi tu, mafuta yaliyobaki kwenye mabomba na vali karibu na chumba cha moto yanapikwa na joto mpaka yanagandamana, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Vali ndogo za kuzuia mafuta yasirudi nyuma zinagoma: nyingine haifunguki, nyingine haifungi. Siku ya kuhama, nozeli moja inajaa mafuta, jirani yake inakosa. Vipima joto kwenye njia ya moshi vinaonyesha upande mmoja moto, mwingine baridi. Kompyuta ikiona tofauti imezidi inazima mashine kuokoa mapanga. Na hapa mafundi wageni huwa wanapotea. Wanakimbilia nozeli iliyo sawa na kipima kilichosoma baridi, wanaifungua, wanaikuta nzima. Moshi unajipinda ukipita kwenye mapanga, kwa hiyo nozeli mbovu iko nyuzi kadhaa pembeni, na lazima ujue mashine ilikuwa imebeba megawati ngapi ndipo upate ile yenyewe.

Tenki nalo lina mambo yake. Dizeli ikikaa muda mrefu inakusanya maji chini, vijidudu vinaota pale maji na mafuta yanapokutana, tope linaziba filta. Pampu inavuta, haipati kitu.

Dawa ya yote haya inajulikana: hamisha mtambo kwenda kwenye mafuta mara kwa mara wakati huna shida, uone kinachogoma, urekebishe. Watengenezaji wenyewe wanashauri hivyo. Tatizo ni kwamba kila jaribio linachoma mafuta ya bei mbaya, na meneja aliyebanwa na bajeti ataahirisha. Mwezi ujao ataahirisha tena. Hakuna atakayemuuliza, kwa sababu daftari hilo halioni mwananchi wala mbunge. Hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa siasa, hata kama wataalamu hawapendi kusikia.

Nchi hii siyo mgeni wa jambo hili. Mitambo ya Songas pale Ubungo ilikuwa inachoma mafuta ya ndege kabla ya kuhamia gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Mwaka 2011, mabwawa yamekauka na gesi haitoshi, ile mitambo iliyotokea Richmond, ikapitia Dowans, ikaishia Symbion, ikalishwa mafuta ya ndege. Kwa hiyo kuhama kunawezekana, tumekuona. Bili yake pia tumeiona: Januari 2012 bei ya umeme ilipanda kwa asilimia 40.29, Januari 2014 ikapanda tena kwa asilimia 39.19, na umeme wa dharura ulikuwa miongoni mwa sababu. (Mwaka 2021 Symbion ikalipwa zaidi ya dola milioni 153 kumaliza kesi ya mkataba uliovunjwa. Hiyo inahitaji makala yake, na hasira yake.)

Sasa kwa nini Tanga ijali? Kwa sababu tuko mbali kwenye laini. Umeme unatufikia kutoka upande wa Dar kupitia Chalinze hadi Hale. Hale yenyewe, ya mwaka 1964, ni megawati 21. New Pangani ni 68, na mto ukipungua hata hizo hazipatikani. Kutoka Majani Mapana, tangu 2010, waya unapita chini ya bahari kwenda Pemba. Sisi tukiwa gizani, na wao wako gizani. Muuza samaki wa Deep Sea ambaye barafu yake imeyeyuka halipwi fidia na mtu.

Wapo watakaosema tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mambo ya gesi yamepitwa na wakati. Sawa, bwawa ni kubwa. Lakini Machi 2025 Rais mwenyewe alieleza kwamba umeme utanunuliwa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa sababu ya upotevu njiani kutoka kusini. Sasa kama umeme wa bwawa unachoka njiani kuja kwetu, mtambo ulio jirani na bandari yetu unapitwaje na wakati?

Kule New England, Marekani, msimamizi wa gridi alianzisha mwaka 2013 mpango wa majira ya baridi ambao ndani yake mitambo ya nishati mbili ilipimwa kama kweli inahama. Hakuamini makaratasi. Gharama za jaribio zilipangwa mapema, hazikuachwa zimsumbue meneja wa kituo.

Sharti langu ndilo hilo. Mkataba wa mtambo wowote wa Tanga uandikwe kwamba kuhama kwa mafuta kutajaribiwa kwa ratiba, mtambo ukiwa na mzigo, na matokeo yachapishwe: tarehe, megawati, ulihama au ulizima. EWURA ipokee, nasi tusome. Na tusisubiri bomba. Mbunge wenu akirudi jimboni, mwulizeni kuhusu mitambo ya gesi iliyopo Dar leo: ni ipi yenye njia ya pili ya mafuta, na mara ya mwisho ilihama lini. Akijibu kwa megawati, mrudisheni kwenye tarehe.